Mwaka Ambao Nyundo Waliazima Sauti Mchikichini

Kantilal alipofariki mwezi uliopita, mjane wake Hansaben alinipigia simu asubuhi akaniambia nije nimevaa nyeupe na nisilete chakula, majirani wameshaleta cha kutosha. Nilikwenda na chane moja ya ndizi hata hivyo. Sijawahi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu, na ndizi kwangu si chakula, ni adabu. Kule juu ghorofani walikuwa wametandika mashuka meupe sakafuni, wanaume upande wa dirishani, wanawake upande wa jikoni, na viatu vyote vimeachwa mlangoni. Nikavihesabu, kwa sababu mimi nahesabu. Nikavihesabu tena, kwa sababu hesabu ya kwanza huwa ya kujifurahisha tu. Kulikuwa na jozi moja ya makubadhi yaliyolala pale kama mitumbwi miwili, nikajua Shomari yumo ndani kabla sijamwona. Alikuwa amekaa ukutani, kichwa cheupe kama pamba, amejikunja ili asichukue nafasi ya watu. Zamu yake ilipofika akainama akamnong'oneza Hansaben, "Pole sana, shemeji," na jirani wa ghorofa ya chini akaitikia kutoka huko huko chini, "Asante, tumeshapoa." Hansaben akacheka. Mjane, katikati ya msiba, ukingo wa sari mdomoni, machozi yanamtoka na anacheka, na wakwe zake wanatazamana. "Kanti angefurahi," akasema alipopata pumzi. Wakwe hawakuelewa. Sisi wawili tulielewa, na nikarudi nyumbani nikiwa na mwaka mzima kichwani.

Habari za ukoo wetu sitaziandika. Kila mtu ana ukoo na hakuna anayenunua wa mwenzake. Nitaandika mwaka huo mmoja tu, mwaka ambao Kariakoo iliamka ikakuta kila kitu ni ruksa. Kabla yake tulikuwa tunapanga foleni kwanza ndipo tunauliza ni foleni ya nini. Sasa sabuni ikawa inatufuata sisi barabarani, inatubembeleza. Nilikuwa msichana wa ishirini na kitu, na kazi yangu ilikuwa Mchikichini, kwenye mnada wa mitumba. Belo, lile robota la nguo, likifunguliwa, mnadi anapanda juu ya meza anainua nguo mojamoja, na mtu fulani katikati ya wateja lazima ataje bei ya kwanza, ili wengine waone aibu kutaja ya chini. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nimenunua makoti kwa mamia pale Mchikichini na sikurudi nyumbani na hata kifungo. Mnadi alikuwa Shomari, kifua kama kabati la nguo, na sauti ambayo wauzaji wa upande wa pili wa soko walikwenda kuishtaki kwa mwenyekiti, kwamba wateja wao wanasikia bei za Shomari vizuri kuliko za mtu aliyesimama mbele yao.

Siku moja akaja bwana mmoja kutafuta majaketi meusi ya ngozi. Jaketi la ngozi Dar es Salaam ni mali ya kuombewa dua. Kila belo lilikuja na mawili matatu, na mafundi viatu waliyachukua wakate viraka. Mtu akija anataka manne, kwa hiari yake, jua la saa saba, unamtazama vizuri. Huyu alikuwa Mangi Eliakimu. Wenye maduka wote waliotoka Kilimanjaro tuliwaita Mangi, lakini huyu alilibeba jina lile kama cheo. Mchana aliuza misumari, bawaba na kufuli nyuma ya soko. Jioni alikuwa mpiga gitaa na kiongozi wa Nyundo, bendi ya roki nzito, ile hevi metali ya magitaa yanayonguruma kama lori lililokwama kwenye matope. Walikuwa wameipiga tangu ujana wao, karibu miaka ishirini, wakati mji mzima unacheza dansi na taarabu. Ofisa mmoja wa utamaduni aliwapa kibali zamani akiamini kuwa bendi yenye jina hilo itawasifu wafanyakazi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumsahihisha.

Mangi alikuwa na huzuni mbili siku ile. Ya kwanza, mwimbaji wao, Tito, alikuwa amekwenda Dubai kufuata redio kaseti za kuuza akaona ni heri abaki huko huko na redio. Ya pili, Hansaben, mke wa mpiga ngoma wao Kantilal, alikuwa amepata mashine ya kurekodia yenye njia nne, iliyokuja kwa meli pamoja na masufuria ya mumewe, na Mangi aliapa kwamba Nyundo hawatazeeka bila kaseti. Tena si kaseti ya kurekodi chumbani. Alitaka ya laivu, ukumbini, watu wasikike. Kwa hiyo alikuwa na mashine, alikuwa na majaketi, hakuwa na mdomo. Basi akasimama pale akimsikiliza Shomari akinadi suruali, hata bei ya jaketi akasahau kuomba ipunguzwe. Mimi nikaona huyu ama ni mgonjwa ama ana shida kubwa.

"Kijana," akasema, "unaimba?"

"Mangi, mimi nauza."

"Sijakuuliza kazi yako. Ukiivuta hiyo sauti ikapanda, inafika wapi?"

"Inafika Ilala Boma," nikajibu mimi, kwa sababu mnadi hapaswi kujisifu mwenyewe, kuna mtu wa kazi hiyo.

Masharti ya Mangi yalikuwa ya mtu wa kupima misumari. Shomari ataimba kwa majaribio mpaka kaseti irekodiwe. Ikisharekodiwa watakaa, wataisikiliza, na kama anafaa atabaki Nyundo. Kama hafai, asante na nauli. Shomari akakubali papo hapo, akanishangaza, maana sijawahi kumwona akikubali neno la kwanza la mtu. Wiki ya pili mwenye belo akamwambia meza haimsubiri msanii, akampandisha mnadi mwingine, kijana wa Tandika mwenye sauti ya kuku. Hapo nikaelewa mizani imekaaje. Kama Mangi angemkataa, Shomari asingekuwa na bendi wala meza. Nilimwambia mimi ningeomba muda wa kufikiri. Akaniambia, "Dada Mwaju, miaka sita napiga kelele kusifia nguo za watu waliokufa Ulaya. Nikifa mimi, nani atajua nilikuwa na sauti?" Nilitaka kumjibu kwamba si wote waliokufa, wengine wamenenepa tu, lakini uso wake haukuwa wa mzaha.

Mazoezi yalikuwa kwenye ghala nyuma ya duka la Kantilal. Masufuria yalipangwa sakafu hadi dari, madogo ndani ya makubwa, na Kantilal, ambaye ndiye alikuwa mpiga ngoma, akipiga moja, ghala lote linaitika. Mpiga besi alikuwa bwana wa posta ambaye sitamtaja sana, kwani naye hakuwa msemaji. Mimi nilikuja kama nilivyokuwa nakuja mnadani, kusimama katikati na kuonekana nimependa. Kwenye saa kumi na moja Hansaben alishuka na sinia: dali ya manjano, chapati nyembamba unazoweza kusomea gazeti upande wa pili, achari ya embe inayokukumbusha dhambi zako, na chai ya tangawizi. Nyama haikuingia mlango ule, wala yai. Mangi alivumilia robo saa, kisha alisema anakwenda kuangalia kama duka lake limefungwa. Duka lake lilikuwa upande wa kushoto. Yeye alikwenda kulia, kwenye moshi wa mishkaki. Akirudi, Hansaben alikuwa mlangoni na kopo la maji.

"Mangi bhai, sukutua."

"Shemeji, nimeangalia kufuli tu."

"Basi kufuli yako ina pilipili. Sukutua."

Mtu mzima, mwenye duka lake, alisukutua kando ya mtaro huku wapita njia wakimwamkia shikamoo. Nilimpenda zaidi siku zile kuliko siku alizopiga gitaa.

Nyimbo Shomari alizishika haraka, maneno yote, kwani mnadi hubeba bei mia kichwani bila kuziandika. Tatizo lilikuwa namna. Tito alikuwa na sauti nyembamba ya juu, iliyolia kama mlango wa chuma, na wapenzi wa Nyundo walizoea kulia naye. Alasiri moja mimi na Shomari tulikuwa nyuma ya safu ya masufuria tunatafuta waya, na upande wa pili Mangi na Kantilal wakadhani wako peke yao.

"Anaimba kama anauza," Mangi akasema.

"Sasa Mangi, na sisi si tunauza?"

"Tito alikuwa analia, Kanti. Huyu halii. Huyu anadai."

"Mimi nina duka miaka yote. Anayelia namhurumia. Anayedai namlipa."

"Aisee, muziki si duka."

Nikamtazama Shomari. Alikuwa ameushika waya tuliokuwa tunautafuta, anaukunja, anaukunjua. Akanong'ona, "Kulia sijafundishwa." Upande wa pili wakanyamaza, maana walisikia kila herufi. Kisha Kantilal akapiga sufuria moja kwa kidole, ting, kama mtu anayebadilisha mazungumzo.

Siku ya kurekodi ilikuwa Jumapili mchana, saa za bugi, lile dansi la mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Ilala wenye mapangaboi manne darini, mawili yakizunguka. Wapenzi wa zamani wa Nyundo walikuwa wachache, na wengi walishaoa, kwa hiyo watu niliwaleta mimi kutoka sokoni: wauza vitenge, wapiga pasi wa mitumba, mama lishe, makuli wa Kariakoo na mikokoteni yao imefungwa mnyororo nje. Mlangoni pakatokea kizuizi. Hakuna aliyekubali kutoa kiingilio. Mwimbaji ni mpya, walisema, hata chungwa mtu anaonja kwanza. Tukavutana mpaka Kantilal, tayari amevaa jaketi la ngozi na jasho linamtiririka, akatoka akasema maneno ambayo amewaambia wateja maisha yake yote: "Ingieni tu. Mtalipa mkitoka, tutaelewana."

Wakaingia kwa furaha. Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, kosa ambalo lingewapata watu wa Kariakoo peke yao duniani, kwa sababu sisi tumelelewa na sheria moja: ukikipenda kitu kabla bei haijakatwa, usikionyeshe. Usikishike mara mbili. Tazama pembeni, piga mwayo, uliza bei ya kitu kingine. Sasa watu mia na kitu wameambiwa bei itakatwa mlangoni wakati wa kutoka. Nyundo wakapiga wimbo wa kwanza, Shomari akaufungua mdomo, vumbi likashuka kutoka kwenye mapangaboi yaliyokufa, na wimbo ulipokwisha ukumbi mzima ukakaa kimya kama mahakama. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akatazama saa, na hakuwa na saa.

Wimbo wa pili, vilevile. Wa tatu, mzee mmoja akafungua gazeti. Nilimwinamia mama mmoja muuza vitenge nikamwuliza, "Mama, unaonaje?"

"Ya kawaida tu," akasema, na mguu wake chini ya kiti ulikuwa unapiga sakafu kwa fujo. Alipoona nimeuona, akaupandisha akaukalia.

Kule jukwaani Mangi alikuwa amebadilika rangi. Alikuwa anamtazama Hansaben aliyekaa na hedifoni kando ya mashine, naye anatikisa kichwa: hakuna kitu, hakuna hata kofi. Kaseti ya laivu isiyo na mtu hai ndani yake. Mangi akamwambia Shomari kitu huku ameuma meno, nami nilikisoma kwa mbali: lia, bwana, lia kama Tito. Shomari hakulia. Alisogea ukingoni mwa jukwaa, akainama, akawatazama mmojammoja jinsi alivyokuwa akiwatazama kutoka mezani, nami nikajua ameshaona. Miaka sita alikuwa anasoma nyuso zile. Nyuso zilizokufa namna ile alikuwa ameziona kwa wateja wanaoitaka nguo mpaka wanaumwa.

"Aaa," akasema kwenye maikrofoni. "Nawajua nyinyi. Nyundo! Fungeni belo!"

"Tufunge nini?" Mangi akauliza.

"Funga, Mangi. Kanti, kunja ngoma. Hawa mali hawaitaki, wana haraka ya kwenda kulala. Mali hii tunashuka nayo Magogoni, tunavuka na pantoni, watu wa Kigamboni wanaililia!"

Kantilal alikuwa mfanyabiashara mzuri kuliko mpiga ngoma, na alielewa papo hapo. Akasimama, akaanza kufungua sahani ya shaba iliyokuwa juu ya ngoma, polepole, kama mtu anayerudisha kitu rafuni. Mpiga besi akazima amplifaya. Mangi alibaki ameshika gitaa, masikini, akiamini kweli tunakwenda Kigamboni. Sahani ilipotoka kwenye mti wake, mama wa vitenge akaruka juu.

"Ah wee! Nani kasema hatutaki? Rudisha sahani hiyo!"

"Kigamboni wanajua nini hao!" kuli mmoja akadakia.

"Mnaitaka?" Shomari akauliza.

"Tunaitaka!"

"Sisikii. Na mashine ya shemeji haisikii!"

"Fungua! Fungua! Fungua!"

Kantilal hakuwahi kuikaza ile sahani vizuri, akaipiga hivyo hivyo, na kuanzia hapo hadi mwisho sikumbuki nyimbo, nakumbuka viti. Viti vilikuwa juu ya vichwa. Mzee wa gazeti alikuwa amelifunga kiunoni. Watu walipotoka walijaribu bado kuelewana nami mlangoni, lakini ni vigumu kusema ya kawaida tu wakati sauti imekukauka na shati liko mkononi. Nilikata bei nzuri.

Mangi hakufurahi. Alikaa juu ya sanduku la spika huku anavua jaketi, akasema, "Ile haikuwa Nyundo. Ule ulikuwa mnada." Na siku ya Alhamisi Tito akatua kutoka Dubai, na masanduku matatu na marashi yaliyotangulia mbele yake hatua kumi. Mangi akamweleza shauri lake mbele yetu sote, bila kuficha, kwani hakuwa mtu wa kuchoma mtu mgongoni. Mashine ina njia nne. Sauti ya mwimbaji iko njia yake peke yake, magitaa njia yao, ngoma yao, watu yao. Itafutwa ile njia moja, Tito ataimba juu yake palepale ghalani, na makofi yatabaki. Kaseti itatoka na sauti ambayo Nyundo wanajulikana nayo. "Si ubaya, Shomari," akasema. "Umetusaidia. Lakini nimesubiri miaka karibu ishirini, na nataka nikiisikia nijisikie mimi."

Tukakutana Jumamosi mchana ghalani. Hansaben aliteremsha sinia lake, akaligawa; Shomari alipokea sahani akaiweka chini karibu na mguu wake, hakuigusa. Alikuja na jaketi lake limekunjwa kwenye mfuko wa plastiki, tayari kulirudisha. Tito, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alikuwa anapasha koo kwa chai.

"Kabla hatujafuta," Mangi akasema, "tusikie kwanza pengo likoje."

Hansaben akateremsha kitufe cha njia ya kwanza mpaka chini kabisa, akabonyeza. Ghala likajaa magitaa. Halafu likajaa Shomari.

"Shemeji, teremsha."

"Nimeteremsha, Mangi bhai. Tazama mwenyewe."

Mangi akaja akatazama. Kitufe kilikuwa chini. Shomari alikuwa anaendelea kuimba, kwa mbali kidogo, kama mtu aliye chumba cha pili na amekasirika. Hansaben akazima njia moja baada ya nyingine akitafuta. Kumbe Shomari alikuwa ameingia kwenye maikrofoni ya ngoma. Alikuwa ameingia kwenye ya magitaa. Kwenye ya watu, iliyokuwa nyuma kabisa karibu na mlango wangu, alikuwa ameingia vizuri kuliko watu wenyewe.

"Mfute kwenye ngoma," Mangi akasema.

"Nikimfuta kwenye ngoma nitamfuta na mume wangu."

Kantilal akainua macho kutoka kwenye dali. "Mimi nisifutwe," akasema.

Mangi hakukata tamaa, akasema Tito ajaribu tu, aimbe juu. Tito akavaa hedifoni, akafumba macho, akalia kile kilio chake kizuri, na kwa mstari mmoja wote tukakumbuka ujana. Kisha chini yake yule mwingine akadai. Tito akafumbua jicho moja. Akaendelea. Ukafika ule mkasa wa belo, na watu mia na kitu wakapiga kelele "Fungua!" na Tito amesimama pale, mikono wazi, hana cha kufungua. Akavua hedifoni taratibu.

"Eliakimu," akasema, na hakuna mwingine aliyemwita hivyo, "mimi hapa nakaa wapi?"

Mangi alisogea kwenye mashine. Aliirudisha kaseti nyuma mwenyewe, akaisikiliza tena amesimama, mkono mmoja juu ya rundo la masufuria kuyazuia yasilie. Tulingoja mpaka mwisho wa wimbo. Nilimwona anaisogeza midomo, na ilikuwa inamfuata Shomari. Kisha akazima mashine.

"Tito, kaka yangu, kunywa chai," akasema. Na kwa Shomari, bila kumtazama: "Na wewe, siku nyingine simama mbali na ngoma."

"Mbali kiasi gani, Mangi?"

"Huko uani."

Kantilal akacheka mpaka ghala likaitika. Shomari aliinama, akaokota sahani yake, akaanza kula.